Simu Moja, Darasa Zima: Kutengeneza Video za Hadithi na Watoto wa Shule ya Msingi

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa shule ya msingi mwenye simu moja au kishikwambi kimoja, watoto themanini darasani, na umeme unaokatika mawingu yakijikusanya. Uwe Uyole, Tukuyu, Mafinga, Kilolo au Makete, unaweza kuanza na ulichonacho. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu, na kamera iliyomo inatosha kwa kazi yote nitakayoieleza hapa.

Kuna jambo moja ninalolishikilia: video ya mtoto huanzia kwenye daftari. Mtoto aliyeandika hadithi yake, akaisoma mbele ya wenzake, akafuta nusu na kuiandika upya, ameshajifunza Kiswahili hata kama simu itazimika kesho. Aliyekabidhiwa simu kabla ya hapo atarudi na dakika kumi za wenzake wakipunga mikono. Ndiyo maana katika hatua hizi simu haitoki mfukoni mwako mpaka katikati ya safari.

Namna hii ya kusimulia ilipata umbo lake Marekani. Mwaka 1994, mjini San Francisco, Joe Lambert, Dana Atchley na wenzao walianza kuwafundisha watu wa kawaida kutengeneza video fupi kuhusu maisha yao, kila mtu akisimulia kwa sauti yake juu ya picha za mnato, nyingi zikiwa za familia. Natoa historia hiyo kwa sababu ina faida kwako: si lazima kila kitu kitembee kwenye kioo. Picha kumi za mnato na sauti inayosikika vizuri zinaweza kubeba hadithi nzima. Na kwetu msikilizaji yupo tayari. Mtoto anayeitikia "hadithi njoo" kila bibi anapoanza anajua hadithi ina mwenye kutoa na mwenye kupokea.

Hatua ya kwanza: ruhusa

Zungumza na Mwalimu Mkuu kabla ya kuwaambia watoto chochote, kisha kamati ya shule. Wanafunzi hawaleti simu shuleni, na kazi hii isiwe mlango wa kuzileta. Kifaa ni chako au cha shule, na kinatumika mbele yako.

Kisha wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka ridhaa, na kwa mtoto ridhaa hutolewa na mzazi au mlezi. Andika barua ya nusu ukurasa kwa Kiswahili chepesi: tunarekodi nini, nani ataona, video itakaa wapi. Acha nafasi ya kusaini na nafasi ya kukataa. Mtoto ambaye mzazi wake amekataa asitengwe. Anaweza kuandika, kuchora, kushika simu au kunasa sauti za mazingira, na sura yake isionekane popote.

Andika wazi kwenye barua kwamba video hazitawekwa mtandaoni. Huo ni ushauri wangu, na nausimamia. Sura ya mtoto, jina lake na bango la shule nyuma yake vinamwambia mtu asiyemjua mahali pa kumpata kila asubuhi. Mkutano wa wazazi unatosha kuwa ukumbi.

Hatua ya pili: kuchagua hadithi

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika, kwa hiyo usiharakishe. Ukiwaambia watoto "chagueni mada," watakuletea "Umuhimu wa Mazingira" na "Madhara ya Dawa za Kulevya," kwa sababu ndizo wanazoziona kwenye mabango. Badala yake waulize maswali yenye mtu ndani yake. Nani nyumbani kwenu anajua kufanya kitu ambacho jirani hajui? Kitu gani kilichopo hapa kijijini hakikuwapo bibi alipokuwa mdogo? Umewahi kuona nini sokoni ukajiuliza kwa nini?

Nyanda za Juu Kusini zina utajiri wa majibu. Mtoto wa Mufindi ana shangazi anayechuma chai. Wa Rungwe anaishi karibu na Daraja la Mungu, mwamba uliokaa juu ya Mto Kiwira kama daraja, na kila mzee ana maelezo yake. Wa Mbozi ana kimondo ambacho watalii husafiri mbali kukiona, naye anapita karibu nacho akienda shule. Wa Kalenga ana makumbusho yenye fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Hapo napenda kutoa angalizo: kikundi kisijaribu kusimulia historia yote ya Mkwawa, tangu vita vya Lugalo na Wajerumani mwaka 1891 hadi kifo chake mwaka 1898, ndani ya dakika mbili. Kitafute mzee mmoja aliyekuwa mtoto mwaka 1954 na kimuulize swali moja: siku ile ulikuwa wapi? Jibu lake ndilo video, na linaingia moja kwa moja kwenye somo la Historia ya Tanzania na Maadili.

Wakienda kwa mzee, wafundishe adabu ya kuingia. Salamu kwanza, "shikamoo babu," na kama ni Uheheni watoto waanze na "kamwene," Unyakyusani na "ugonile." Wakae, waulize habari za nyumbani, waeleze walichojia, waombe ruhusa. Simu isitolewe kabla ya mzee kukubali. Akitaka kusimulia kwa Kihehe, Kinyakyusa au Kisafwa, mwacheni. Kwenye video sauti yake isikike sekunde chache kwa lugha yake, kisha mtoto aendelee kwa Kiswahili. Watoto wanaielewa mbinu hiyo haraka, kwa sababu wengi wameona filamu zilizotafsiriwa kwenye banda umiza na wanajua sauti ya msimulizi inavyoweza kulala juu ya picha ya mtu mwingine. Kutafsiri maneno ya bibi kwa uaminifu ni zoezi la lugha kubwa kuliko mengi yaliyomo kitabuni.

Baadhi ya watoto watachagua jambo zito, kama msiba au baba aliyeondoka. Usimzuie, wala usimsukume. Kaa naye pembeni, muulize kama anataka wenzake wasikie, na umwache abadilishe mawazo hata siku ya mwisho.

Hatua ya tatu: kuandika na kuandika tena

Gawa darasa katika vikundi vya watoto sita. Darasa la themanini litatoa vikundi kumi na vitatu au kumi na vinne, na huwezi kuvirekodi vyote kwa wiki moja. Vyote viandike kwa pamoja, kisha virekodi kwa zamu, viwili kila wiki, vingine vikiendelea na kazi za kawaida.

Tuseme kikundi cha Darasa la Tano karibu na Isyonje kimechagua viazi. Rasimu ya kwanza itasomeka hivi: "Viazi mviringo ni zao muhimu la chakula na biashara. Hulimwa katika mikoa ya Mbeya na Njombe. Viazi vina faida nyingi." Kila sentensi ni sahihi, na hakuna mtu hata mmoja ndani yake. Usiwasahihishe kwa kalamu nyekundu. Uliza: nani analima? Siku ya kuuza, wewe ulikuwa unafanya nini? Uliona nini kilichokushangaza?

Mtoto mmoja atataja lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, kwa sababu kila mtoto wa huko ameiona. Sasa hadithi imepatikana. Rasimu ya tatu inaweza kufika hapa:

"Mama yangu analima viazi. Siku ya kuuza tunaamka gizani, kuna ukungu. Mnunuzi anakuja na magunia yake mwenyewe. Anajaza, anashindilia, halafu anasuka kamba juu na kuongeza viazi vingine. Nilimuuliza mama, 'Hilo gunia moja lina madebe mangapi?' Mama alinyamaza. Jumamosi tuliazima debe tukapima wenyewe. Kila debe nililaza kijiti kimoja chini. Nilipomaliza, nilimwita mama aje ahesabu vijiti."

Hapo kuna swali linalomfanya msikilizaji asubiri, kuna mtu tunayemjali, na kuna Hisabati ya kweli. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. Watoto wanaweza kupima debe moja la viazi kwenye mizani ya duka, kuzidisha, na kuona gunia la lumbesa linazidi kwa kilo ngapi. Hesabu hiyo ifanyike darasani, na jibu wanalolipata ndilo liingie kwenye maandishi. Usiwape wewe.

Maneno yasizidi 150. Msomaji asome kwa sauti huku mwenzake akitazama saa, na ikizidi dakika mbili, kikundi kikate. Kukata kunauma, hasa kwa aliyeandika, lakini ndiko kunakomfundisha mtoto kupima uzito wa kila sentensi. Wasomeane vikundi kwa vikundi. Msikilizaji asiseme "nzuri"; aseme mahali alipotaka kujua zaidi na mahali alipochoka.

Hatua ya nne: kuchora

Kunja karatasi ya manila mpaka ipate vyumba nane. Kila chumba mchoro mmoja, na chini yake sentensi itakayosikika. Michoro iwe ya vijiti tu, hakuna maksi za uzuri. Waelekeze wachanganye picha za aina tatu: ya mbali inayoonyesha mahali pote, ya kati inayoonyesha mtu, na ya karibu inayoonyesha kitu kimoja, kama mikono inayofunga gunia. Watoto hupenda ya mbali peke yake. Dai angalau picha tatu za karibu, kwa sababu ndizo zinazogusa.

Kikundi kisichokamilisha manila yake hakipewi simu.

Hatua ya tano: kushika simu

Kila mtoto awe na kazi: mwandishi, msimulizi, mpiga picha, mnasa sauti, mwongozaji anayeshika manila na kusema "anza" na "simama," na mtunza vifaa. Kazi zizunguke. Usiruhusu wavulana wapige picha siku zote na wasichana wabaki kuandika. Nimeona hali hiyo ikijitokeza yenyewe mwalimu anapogeuka.

Wafundishe mambo machache kwa mpangilio huu. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini, kwani alama za vidole huleta ukungu kwenye picha. Laza simu kwa upana. Zima data na mlio. Ibane simu kati ya matofali mawili, au iegemeze kwenye mfuko mdogo uliojazwa mchanga ili isitikisike. Bonyeza kurekodi, hesabu moja hadi tatu kimya, ndipo kitendo kianze. Kikiisha, hesabu tena kabla ya kusimamisha. Sekunde hizo za ziada zitakuokoa wakati wa kuhariri. Wasivute picha kwa vidole, wasogee kwa miguu.

Kwenye mipangilio ya kamera chagua ubora wa video wa 720p. Dakika moja ya 1080p, ulio ubora wa juu zaidi, hula takribani megabaiti 130 kwenye simu nyingi, na ya 720 karibu nusu yake, na kwa televisheni ya shule au projekta tofauti haionekani sana. Kwa baridi ya Juni na Julai, hasa Makete na Njombe, chaji hushuka haraka. Mtunza vifaa aiweke simu ndani ya sweta mpaka itakapohitajika.

Hatua ya sita: sauti

Mtazamaji atavumilia picha yenye giza, lakini sauti isiyosikika humfanya aanze kuzungumza na jirani yake. Kwa hiyo rekodi masimulizi peke yake, mbali na picha.

Adui mkubwa huku kwetu ni bati. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua ikipiga paa, hakuna maikrofoni itakayokusaidia, na Tukuyu mvua haina msimu wa kuaminika. Panga kurekodi asubuhi, na kama ratiba inakuruhusu, iweke kazi nzima kati ya Julai na Oktoba. Tafuta chumba kidogo chenye vitu vingi: stoo ya vitabu ni bora kuliko darasa, kwa kuwa vitabu na magunia hunyonya mwangwi. Tundika mablanketi mawili nyuma ya msimulizi. Simu ikae umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi isiipige.

Msimulizi asisome kama anasoma risala. Mwambie amsimulie rafiki mmoja aliyekaa mbele yake, na huyo rafiki awepo kweli. Lafudhi yake ibaki ilivyo. Mtoto wa Kinyakyusa au wa Kihehe asilazimishwe kusikika kama mtangazaji wa redio. Watu wa kwao ndio watakaomsikiliza.

Mnasa sauti naye akusanye za mazingira, sekunde 20 kila moja: kamba ikisuguana na gunia, jogoo, mto, treni ya TAZARA ikipita. Kwa muziki, watoto waimbe au wapige ngoma wenyewe. Wimbo wa Bongo Fleva ni mali ya aliyeutunga.

Hatua ya saba: mwanga

Fupi tu. Ndani ya darasa, mtu aelekee dirisha, asilipe mgongo. Nje, piga kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa tisa alasiri, kwa kuwa jua la utosini hutia kivuli machoni. Ukungu wa asubuhi ni zawadi kwa picha za mbali. Na jambo ambalo wengi hawalijui: shati jeupe la sare huidanganya simu, ikapunguza mwanga, na uso wa mtoto ukawa mweusi usiosomeka. Gusa uso wake kwenye kioo na ushikilie kidole mpaka simu ijipime kwa uso, au mvalishe sweta juu ya shati.

Hatua ya nane: kuhariri

Tumia programu ya bure kama InShot au CapCut, na uijaribu mwenyewe nyumbani kwanza. Anza kwa kuweka sauti ya msimulizi yote, kisha laza picha juu yake kwa kufuata manila. Ukianza na picha, utajikuta unanyoosha sauti ili zitoshe. Watoto sita wanaweza kuzunguka kishikwambi kimoja iwapo kila mmoja ameshika kazi: mmoja anasoma manila, mmoja anachagua kipande, mmoja anakata, na wengine wanasikiliza kama neno linakutana na picha yake.

Usiharibu kwa mapambo. Maandishi yanayoruka na nyota zinazong'aa hufurahisha kwa siku moja na kufunika hadithi. Kata mahali picha inapochelewa, acha ukimya wa sekunde mbili baada ya sentensi nzito, kisha hifadhi nakala kwenye kompyuta au flashi kabla ya kufunga kazi ya siku.

Kwa Darasa la Kwanza na la Pili kuna njia rahisi zaidi. Chora duara kwa chaki mezani, weka kopo lenye maharage yaliyopandwa, na kila asubuhi mtoto mmoja apige picha moja kutoka alama ileile. Ukiziunganisha, mmea unaota mbele ya macho yao. Vilevile wanaweza kusogeza vizibo vya soda kidogo kidogo na kupiga picha kila vinaposogea. Kwa picha 10 kila sekunde, sekunde 12 zinahitaji picha 120, na watoto wanaojifunza kuhesabu watazihesabu zote kwa furaha.

Hatua ya tisa: kuonyesha na kupima

Video ionekane kwanza na waliorekodiwa. Mzee au mama aitazame peke yake na awe na haki ya kusema kipande fulani kiondolewe. Kisha darasa, kisha mkutano wa wazazi au mahafali ya Darasa la Saba. Andaa chumba chenye giza, spika inayosikika hadi nyuma, na jenereta au betri iliyojaribiwa siku moja kabla. Kila video itanguliwe na mtoto mmoja anayesimama na kueleza kwa sentensi mbili walivyoipata hadithi hiyo.

Maksi zako zisitolewe kwa uzuri wa picha. Kusanya rasimu zote na uzilinganishe: ya kwanza na ya mwisho zinatofautiana wapi? Kila mtoto alizungumza lini, aliandika nini, aliuliza swali gani? Kikundi chenye picha zilizotikisika na rasimu nne zilizokatwa vizuri kimefanya kazi kubwa kuliko chenye picha safi na maneno yaliyonakiliwa kitabuni.

Wape familia ya msimulizi nakala kwenye memori kadi, kisha futa kwenye kifaa chako vipande vyote visivyotumika. Kikundi kinachofuata kikifika zamu yake, waweke watoto wa kikundi kilichotangulia wakifundishe kushika simu, na wewe ukae na waandishi.